Walioshuka Same Wasirudi: Historia ya Kuwakumbuka Askari wa Upare

Kabla ya reli

Katika nchi ya Upare, safu ya milima isimamayo kati ya nyika ya Mkomazi upande wa mashariki na bonde la mto Pangani upande wa magharibi, tangu Ugweno na Usangi huko kaskazini hata Mbaga, Gonja, Chome na Suji huko kusini, ambako kilele cha Shengena kinapita meta 2,400 juu ya bahari, maiti alikuwa na makazi yake yaliyojulikana, na kumkumbuka hakukuwa hiari ya mtu mmoja mwenye huzuni bali faradhi ya ukoo mzima. Katika koo nyingi, baada ya muda kupita tangu maziko, kaburi lilifukuliwa kwa taadhima, fuvu likatwaliwa na kutiwa katika chungu, na chungu kikawekwa pamoja na vyungu vya wazee waliotangulia, pangoni au ndani ya kichaka kitakatifu ambacho shoka halikukigusa. Hapo ndipo wanaukoo walipokwenda mvua zilipokawia, mtoto alipougua maradhi yasiyoeleweka, au ndugu walipogombana. Hapo pombe ya dengelua ilimwagwa, na hapo marehemu aliitwa kwa jina lake, na baada yake likaitwa jina la baba yake, na la babu yake, hata nasaba ikaisha.

Nalieleza jambo hili mwanzo kabisa, si kwa kulisifu wala kwa kulilaumu, maana leo wengi wa watu wa Same, wilaya ya Pare ya kusini, ni Walutheri, Waadventista na Waislamu, na vichaka vile vimepungua. Nalieleza kwa kuwa pasipo kulifahamu, msomaji hawezi kuipima hasara iliyowapata watu hawa pale vijana wao walipoanza kufa mbali. Kumbukumbu ya Wapare ilishikamana na mahali. Mtu aliyekufa ghaibu, asiletwe kichwa chake, aliwaacha ndugu zake na jina mkononi wasilokuwa na pa kuliweka.

Mauti ya vita hayakuwa mageni kwao. Wapiganaji wa milima walipambana na Wamasai waliopanda kutafuta ng'ombe, na katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, misafara ya pembe na watumwa ilipokuwa ikipanda na kushuka kwa njia ya mto Pangani, wakapambana na watu wa Semboja wa Mazinde, ambao walishambulia vijiji vya Upare wa kusini na kuteka watu. Lakini vita ile ilipiganwa karibu na nyumbani. Aliyeanguka aliangukia bondeni au kwenye ukingo wa msitu, na kabla ya siku kupita ndugu zake walikuwa wamekwisha mbeba. Aliyetekwa akauzwa pwani ndiye aliyekuwa wa kwanza kupotea moja kwa moja, na yeye hakuwa askari. Ila nadhani msiba wa nyumba yake ndio uliowaonyesha Wapare kwa mara ya kwanza jinsi mtu anavyoweza kufa bila kuzikwa na watu wake.

Vita ya Wadachi na Waingereza: 1914 hadi 1918

Wadachi, yaani Wajerumani, walipokwisha kuitiisha nchi na kuweka maakida na majumbe, walileta kitu ambacho kiliibadili Upare kuliko bunduki zao, nacho ni reli. Ilianzwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905, ikapita chini ya milima ya Pare, Hedaru, Makanya na Same, na ikafika Moshi miaka michache kabla ya vita. Kwa njia hiyo kituo cha Same, mahali pakavu penye miiba na upepo, kikawa mlango wa milima yote ya kusini. Na tangu siku hizo mtu wa Mbaga au Vudee akitaka kwenda ulimwenguni sharti ashuke Same kwanza.

Vita ilipozuka mwezi wa Agosti 1914, Wadachi waliitwaa Taveta upesi, na kwa muda wa mwaka mmoja na nusu reli hiyo ikawa uti wa jeshi lao la kaskazini, ikileta watu na risasi kutoka Tanga hata mguu wa Kilimanjaro. Ndiyo sababu milima ya Pare, ambayo haikuwa na dhahabu wala bandari, iliingizwa katika ugomvi wa wafalme wa Ulaya. Mwezi wa Machi 1916 Jenerali Smuts wa Waingereza alivunja ngome za Wadachi pale Latema na Reata, kisha Kahe. Na ilipofika nusu ya pili ya Mei, mvua za masika zilipopungua, majeshi yake yalishuka kusini kwa njia tatu: wengine kwa ukingo wa mto Pangani, wengine kwa reli yenyewe, na kikosi cha Keya (King's African Rifles) kikapenya katika pengo la Ngulu linalotenga Pare ya kaskazini na ya kusini. Mwishoni mwa mwezi huo Same ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na sehemu ya jeshi ikapinda mashariki ya milima kwa njia ya Kisiwani na Gonja. Wadachi walirudi nyuma wakiyavunja madaraja na kung'oa reli, na mnamo Juni Mombo na Lushoto zikawa zimetekwa.

Katika vitabu vya vita hatua hiyo yote huchukua kurasa chache, maana mapigano makubwa hayakutokea Same. Lakini jeshi lililopita lilihitaji watu wa kulibebea mizigo, na hapo ndipo historia yetu inapogeuka. Askari wa Mdachi aghalabu walitoka Unyamwezi, Usukuma, Umanyema na Sudani, na askari wa Mwingereza walitoka Uhindi, Afrika ya Kusini, Unyasa na Kenya. Watu wa vijiji vilivyopitiwa na majeshi hawakupewa bunduki, walipewa mzigo. Jumbe aliamriwa kutoa watu, akatoa watu. Na jeshi lilipozidi kwenda kusini, Handeni, Morogoro, Rufiji, hata mpaka wa Msumbiji, mpagazi aliyeambiwa kwamba atabeba hadi kituo cha pili alijikuta katika nchi asizozijua, akila unga usioiva sawasawa, akilala mvuani, akiharisha damu na kutetemeka kwa homa. Wanahistoria wanakisia kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao walikaribia laki moja. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache sana miongoni mwao. Walikufa kwa maradhi na kwa njaa, na wenzao, ambao nao walikuwa taabani, waliwafukia kando ya njia na kuondoka.

Wakati huo huo huko Mbaga alikuwako mmisionari wa Leipzig, Jakob Dannholz, aliyekuwa amekaa na Wapare miaka kadhaa na kusikiliza kwa makini habari zao za mizimu na maziko, na kitabu chake kuhusu imani hizo kikachapwa Ujerumani mwaka 1916, mwaka ule ule jeshi la Smuts lilipopita chini ya mlima wake. Mimi huona uchungu nikiziweka habari hizi mbili pamoja: ilikuwapo karatasi ya kuandika jinsi Mpare anavyomzika na kumtunza mfu wake, na haikuwapo karatasi ya kuandika jina la Mpare aliyefia njiani akiwa na sanduku la risasi kichwani.

Novemba 25, 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wadachi, aliweka silaha chini huko Abercorn. Walionusurika walianza kurudi, na pamoja nao ikaja homa ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Katika msiba wa namna hiyo, mtu aliyeondoka mwaka 1916 na kutorudi hakufanyiwa tanzia yake peke yake. Alichanganywa na wafu wengi wa miaka ile mibaya.

Sanamu isiyo na jina: 1927

Serikali mpya ya Waingereza ilikabiliwa na suala la wafu wa vita. Wazungu walitengenezewa makaburi yenye mawe na majina, kama yale ya Taveta, Moshi na Tanga. Ama Waafrika, rai iliyoshika nguvu katika ofisi za London na za Dar es Salaam ilikuwa kwamba makaburi yao yaachwe. Na serikali ya Tanganyika ilisema waziwazi kwamba mava makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, afadhali yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Hoja iliyotolewa ni kwamba mwenyeji hana desturi ya kuthamini kaburi lenye jina. Yeyote aliyewahi kufika katika kichaka cha ukoo huko Usangi au Mbaga, akaona vyungu vilivyopangwa kwa zamu ya vizazi, atajua hoja hiyo ilikuwa batili kadiri gani.

Badala ya makaburi, mwaka 1927 ilizinduliwa Dar es Salaam sanamu ya shaba ya askari aliyeelekeza singe yake bandarini, kazi ya James Alexander Stevenson, mahali palepale ambapo Wadachi walikuwa wamesimamisha sanamu ya Wissmann, gavana wao. Maandishi yake, kwa Kiingereza na Kiswahili, ambayo Rudyard Kipling aliyatunga, yanawataja askari wenyeji, yanawataja na wapagazi kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Sanamu hiyo ni nzuri, wala sitaki kumdharau fundi wake. Mzee aliyewahi kubeba mzigo, akipita mbele yake, pengine aliona kwamba kuna mtu aliyekiri taabu yake. Lakini ahadi ya jina iliandikwa juu ya jiwe lisilo na jina hata moja. Na kwa mtu wa Same, Dar es Salaam ya mwaka 1927 ilikuwa safari ya siku kadhaa, hivyo mjane wa mpagazi hakuwa na njia ya kwenda kusimama pale.

Keya na Bama: 1939 hadi 1945

Vita ya pili iliwakuta Wapare wakiwa watu wengine. Shule za misheni zilikuwa zimewafundisha wengi kusoma na kuandika, kahawa ilikuwa imeanza kulimwa juu na mkonge bondeni, na gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa na serikali mwaka 1923, lilisomwa vijijini kwa sauti, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza. Safari hii kijana wa milimani hakutwaliwa kuwa mpagazi tu. Alivishwa kofia, akapewa namba, akawa askari wa Keya, au dereva, au mpishi, au mtu wa hospitali. Tanganyika peke yake ilitoa watu zaidi ya 80,000, wengine kwa hiari na wengine kwa kulazimishwa. Waliotoka milima ya kusini walishuka Same kupanda gari moshi, na mama zao waliwasindikiza kadiri miguu ilivyowawezesha.

Walipigana na Mtaliano katika nchi ya Wahabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha wakavushwa bahari kwenda Bama (Burma) kupigana na Mjapani. Safari ya bahari yenyewe ilikuwa hatari kama vita: Februari 12, 1944, meli ya *Khedive Ismail*, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi na kuzama kwa dakika chache tu, ikafa roho karibu 1,300, na sehemu kubwa yao ni vijana wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Waliofika salama waliingia katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, wakalifuata bonde la Kabaw wakati wa mvua, katika tope na ruba na malaria, hata wakafika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba 1944.

Tofauti na vita ya kwanza ni kwamba sasa kifo kiliandikwa. Askari alikuwa na daftari la malipo, na mshahara wake ulikuwa na sehemu iliyotumwa nyumbani; kwa hiyo alipokufa, serikali haikuweza kunyamaza, maana fedha ilikuwa lazima isimame na sababu itolewe. Habari ilishuka kutoka jeshini kwenda kwa bwana shauri wa wilaya, na kutoka bomani ikapelekwa kwa mangi au jumbe, na yeye ndiye aliyeingia katika ua wa watu akiwa na karatasi. Matanga yakakalishwa bila maiti. Padri au mwalimu wa Kikristo aliomba, au shehe alisoma hitima, kisha rafiki waliorudi mapema kwa majeraha waliulizwa na baba wa marehemu maswali ambayo karatasi haikuyajibu: alikufa saa ngapi, alikuwa na nani, alisema nini, alizikwa ameelekea wapi. Hizo ndizo taazia za kwanza za askari kwa askari mwenzake ambazo watu wa milima walizisikia, nazo zilitolewa kwa Kiswahili cha kambini, ambacho wazee wengine walihitaji kutafsiriwa kwa Chasu, lugha ya Wapare.

Huko Tanga, Shaaban Robert aliitunga vita hiyo kwa utenzi mrefu, *Utenzi wa Vita vya Uhuru*, na hivyo lugha yetu ikawa na kumbukumbu yake yenyewe ya miaka ile. Na safari hii majina ya Waafrika wengi yaliandikwa pia katika mawe: mengine katika ukumbusho wa Afrika ya Mashariki huko Nairobi, mengine huko Taukkyan, nje ya mji wa Rangoon, katika nguzo zenye majina karibu 27,000 ya watu wasiojulikana walikozikwa. Mpare aliyekufa Kabaw yuko katika hali ambayo baba zake hawakupata kuiwaza: jina lake lipo, limechongwa kwa herufi safi, ila lipo mahali ambapo pengine hakuna hata ndugu yake mmoja aliyepafikia.

Hapa yafaa nilitaje jambo moja la nyumbani. Mwezi wa Januari 1945, vijana wakiwa bado Bama, maelfu ya Wapare walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same mbele ya boma na kukaa hapo, wakipinga kodi ya mbiru, ambayo ilimkadiria kila mtu kwa mali yake na kuwapa machifu nafasi ya kuonea. Miongoni mwa walioongoza alikuwa Paulo Mashambo, na harakati hiyo, ambayo Profesa Isaria Kimambo aliieleza vizuri baadaye, iliendelea hata serikali ikaiacha kodi yenyewe. Sisemi kwamba mbiru ilizuka kwa sababu ya askari. Nasema tu kwamba baba aliyelala chini mbele ya boma la Same alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini nchi inayomchukua mwanawe afe ng'ambo hairidhiki, ila yataka na kumkadiria mbuzi wake. Na askari waliorejea mwaka 1946 waliikuta Upare iliyokwisha jifunza kuuliza.

Kutoka Colito hadi Lugalo: 1961 hadi 1964

Uhuru ulipopatikana, Keya wa Tanganyika waligeuzwa jina wakawa Tanganyika Rifles, lakini kambi yao kuu nje ya Dar es Salaam iliendelea kuitwa Colito, kwa ukumbusho wa mahali katika nchi ya Wahabeshi ambapo kikosi chao kilipigana mwaka 1941. Januari 1964 askari wa kambi hiyo waliasi, jeshi likavunjwa, na Septemba 1, 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi nayo ikapewa jina la Lugalo, mahali ambapo watu wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wadachi la Zelewski mwaka 1891.

Badiliko hilo lilikuwa na haki yake, kwa kuwa taifa huru haliwezi kuwafundisha watoto wake ushujaa kwa vita vya mfalme wa watu wengine. Hata hivyo wazee wa Keya walilipa gharama. Waliopigana Colito na Kabaw walijikuta hawana pa kusimama katika hadithi mpya. Hawakuwa wasaliti, wala hawakuwa wapigania uhuru, na waliokufa pamoja nao walisahauliwa na serikali zote mbili, ile iliyowatuma na ile iliyorithi. Katika vijiji vya Same mzee wa aina hiyo aliweza kuwa na nishani ndani ya sanduku na wajukuu wasijue aliipata wapi. Naliona hilo kuwa kosa la kizazi chetu zaidi kuliko la serikali, maana mjukuu hahitaji kibali cha serikali kumwuliza babu yake.

Kagera na Kaboya: 1978 na 1979

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuitwaa nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, wakaua na kupora, na Novemba 3 wakalivunja daraja la Kyaka. Siku moja kabla yake Mwalimu Nyerere alikuwa amewaambia wananchi kwamba sababu ya kumpiga ipo, uwezo upo na nia ipo. Na katika miezi iliyofuata jeshi lilipanuliwa mara kadhaa kwa kuwaita mgambo, vijana waliokuwa walimu, makarani, wakulima wa kahawa na tangawizi, wafanya kazi wa reli. Katika vijiji vya Same waliitwa kwa orodha, wakashuka kama babu zao, lakini wakiwa na jambo ambalo babu zao hawakuwa nalo: walijua wanapigania nchi ya nani.

Mutukula ilitwaliwa Januari 1979, Masaka Februari, na mwezi wa Machi yalipiganwa mapigano makali ya Lukaya, ambako majeshi ya Libya yaliyokuja kumsaidia Amin yalivunjwa. Entebbe ikaanguka Aprili 7. Aprili 10 vikosi vya Tanzania viliingia Kampala, na kesho yake mji ukawa umetekwa. Na mmoja wa makamanda walioongoza kuingia kwake alikuwa Luteni Kanali Ben Msuya, mwenye jina ambalo katika Upare utalikuta kila kitongoji. Watu wa milima walifurahi na kulitaja jina hilo kwa fahari. Lakini furaha ya ushindi haikuondoa hesabu ya wafu, maana waliokufa katika vita hiyo hawakurudishwa kila mmoja kwao. Wengi walikusanywa na kuzikwa pamoja huko Kaboya, wilaya ya Muleba, ambako yapo makaburi zaidi ya 600 ya askari, yamepangwa kwa safu.

Kaboya ni mahali ambapo nchi yetu ilifanya kwa mara ya kwanza jambo ambalo hakuna mtawala aliyelifanya kabla yake: iliwazika askari wake katika udongo wake, kwa heshima zake, na ikaweka siku ya kuwakumbuka. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, tarumbeta hupigwa, gwaride huinamisha silaha, viongozi wa dini huomba kwa zamu, na katika mnara huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na shada la maua. Na miongoni mwa wanaoweka ni mzee aliyepigana, na mara nyingi hatua zake ndizo zinazoangaliwa kuliko za wakubwa wote. Hata hivyo, Kaboya ni mbali na Same, nchi nzima iko katikati. Mzazi wa Chome aliyemzika mwanawe kwa kuambiwa, hakuweza kumwekea jiwe shambani, na kwa mila yake alibaki na deni.

Jeneza linapopanda mlima: tangu 2007

Katika karne hii askari wa Tanzania wamepelekwa kulinda amani kwa wengine, Darfur, Lebanoni na Kongo ya mashariki. Julai 13, 2013 waliuawa saba kwa kuviziwa Darfur. Mwaka huo huo vijana wetu waliingia katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa pamoja na Waafrika Kusini na Wamalawi, wakapigana na waasi wa M23 karibu na Goma, na wengine wakafa. Desemba 7, 2017 kambi yao ya Semuliki katika Kivu ya Kaskazini ilishambuliwa kwa saa nyingi, wakafa Watanzania wasiopungua 14, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akasema kwamba lilikuwa shambulio baya kabisa kuwahi kuwapata walinda amani wa umoja huo katika historia ya karibuni.

Safari hizi maiti hurudi, na hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote niliyoyaeleza. Ndege huleta majeneza Dar es Salaam, taifa huaga, kisha kila mmoja hupelekwa kwao. Anayezikwa Upare hupita barabara ya Segera na Mombo, hupita Hedaru na Makanya, na kama kwao ni juu, msafara huiacha lami na kupanda njia za mizunguko na makorongo, magari ya jeshi mbele, mabasi ya waombolezaji nyuma, na watu hutoka majumbani na kusimama kimya kandokando.

Nyumbani, bendera ikiwa bado juu ya jeneza, hutolewa salamu, na mpangilio wake ni ule ule katika misiba mingi. Afisa husoma wasifu: tarehe ya kuzaliwa, shule, mwaka wa kuandikishwa, kozi, vituo, nishani. Ni maneno machache yasiyo na mapambo, na bado ndugu huyasikiliza kwa hamu, kwa kuwa mengi yake hawakuyajua. Kijana hakumwambia mama yake habari za kozi. Baba mkubwa husimama kwa niaba ya ukoo, naye huanza kwa nasaba, fulani bin fulani, wa tumbo fulani, hata afike kwa marehemu, kana kwamba anampitisha mlangoni kwa wazee. Rafiki aliyesoma naye husema habari za utoto, jinsi walivyochota maji na kuchunga mbuzi, na hapo ndipo watu wanapolia kweli. Askari mwenzake aliyekuwa naye hushindwa kusema mengi; mara nyingi husema tu kwamba alikuwa naye, na hilo latosha, kwa kuwa ni jibu la lile swali ambalo baba wa mwaka 1944 aliliuliza. Na akiwepo mzee wa Kagera, huvaa koti lake na nishani zake, hupiga saluti, na humwita marehemu kwa cheo chake. Kisha risasi hufyatuliwa hewani, bendera hukunjwa, hukabidhiwa mjane au mzazi, na udongo wa kwao humfunika.

Daftari lililo wazi

Mwezi wa Aprili 2021 Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ndiyo iliyorithi kazi ya wale walioamua habari za wafu baada ya vita ya kwanza, ilichapisha taarifa ya uchunguzi na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, walio wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba ubaguzi ulikuwa sehemu ya sababu. Tangu hapo imekuwa ikitafuta majina katika nyaraka za nchi zetu.

Radhi hiyo imekuja baada ya miaka mia na zaidi, lakini kazi inayofuata haiwezi kufanywa London. Nyaraka za jeshi ziliwaandika wapagazi kwa kundi na kwa hesabu. Jina lenyewe, kama lipo popote, lipo huku. Lipo katika vitabu vya ubatizo na ndoa vya sharika za Mbaga, Gonja na Suji, ambako mke aliandikwa mjane pasipo tarehe ya maziko ya mume. Lipo katika mashauri ya mirathi yaliyowahi kuamuliwa na mabaraza, ambapo shamba liligawanywa kwa kuwa mwenyewe alikwenda na Waingereza asirudi. Lipo katika nasaba ambazo wazee wa koo bado wanazihesabu, ambamo hufika mahali mzee akasema huyu hakuzaa, alikufa kwenye mizigo, kisha akapita kwenda kwa ndugu yake. Ningependa kila kata ya Same na Mwanga iwe na daftari moja, liwekwe shuleni au ofisini, na watoto wa sekondari wapewe kazi ya kuwauliza wazee hao na kuandika: jina, ukoo, kijiji, vita gani, aliondoka mwaka gani. Anayejua babu aliyekwenda mizigoni aanze na huyo, akaongeze wa Bama na wa Kagera, akaache ukurasa kwa wa Darfur na Semuliki. Na majina ya wapagazi yaandikwe kwanza, kwa kuwa wanaoyajua ndio wazee kuliko wote na wanapungua kila mwaka.